Matatu ya Waya na Mstari wa Manjano

Katika vichochoro vya Kibera, mtoto huendesha matatu yake mwenyewe kabla hajajua kusoma nambari iliyobandikwa kwenye kioo cha matatu ya watu wazima. Ni gari la waya: bodi iliyokunjwa kwa mkono, magurudumu yaliyokatwa kwenye malapa yaliyochakaa, na waya mrefu unaopanda kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kifua, ukiishia kwa usukani wa duara. Dereva hukimbia nyuma ya gari lake, hukata kona penye mtaro, hupiga honi kwa mdomo na kusimama stejini kupakia abiria anaowawaza tu. Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, huko Kawangware, mchezo ni huohuo. Kinachobadilika ni nambari ya ruti.

Kichezeo hicho kinatosha kuwa msingi wa sherehe nzima ya kuzaliwa: sherehe yenye rangi zilizopangwa, kuanzia kadi ya mwaliko hadi chapati, ambayo familia inayoishi chumba cha futi kumi kwa kumi inaweza kuiandaa bila kuingia deni.

Sherehe za rangi zimeshazoeleka Nairobi. Picha zake husambaa kwenye simu kila wikendi: ukuta wa baluni za rangi mbili, keki ya rangi hizohizo, watoto waliovalishwa wakafanana. Mara nyingi mada hutoka kwenye katuni au kichezeo cha dukani. Kuna sherehe za matofali ya LEGO, kampuni iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mjini Billund, Denmark, mwaka 1932. Kuna za mchemraba wa rangi sita uliobuniwa na Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974. Vichezeo vya namna hii hufaa kwa sababu rangi zake zinajulikana na kila mtu, na mzazi hana haja ya kuumiza kichwa: anafuata rangi za kichezeo.

Tatizo huanza pale mzazi anapokwenda kununua sahani, kofia na mabango yaliyochapishwa tayari. Gharama hupanda haraka, na vyote hutupwa jioni hiyohiyo. Lakini lipo jambo zito zaidi ya fedha. Rangi ikigeuzwa kuwa sharti la mavazi, mtoto wa jirani asiye na fulana ya rangi hiyo hukosa ujasiri wa kuingia. Kwenye ploti ambako milango inatazamana na ua ni mmoja, hakuna sherehe ya siri. Kila mtoto anasikia muziki, ananusa pilau, na anajua kama ameitwa au hakuitwa. Kwa hiyo anayepanga rangi Kibera au Kawangware ana swali moja la kujibu kabla ya mengine yote: rangi hii itamfikiaje kila mtoto atakayefika?

Gari la waya linajibu swali hilo vizuri, kwa sababu watoto wenyewe ndio watakaolitengeneza na kulitia rangi.

Rangi zilizoandikwa kwenye sheria

Mwaka 2003 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, alitoa kanuni zilizobadilisha sura ya matatu nchini. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano unaolizunguka ubavuni. Wahudumu nao walipewa sare: dereva buluu iliyokolea, makanga damu ya mzee. Michoro iliyokuwa imejaa kwenye magari ikafunikwa kwa rangi moja, na kwa miaka kadhaa barabara za Nairobi zikapoteza ule urembo uliozifanya zijulikane mbali. Michoro ilirudi kwa nguvu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuitetea hadharani mnamo Novemba 2014, akiiona kuwa kazi ya sanaa inayowapa vijana riziki. Mstari wa manjano ulibaki.

Hapo mzazi anapata rangi tatu bila kubuni chochote: manjano ya mstari, buluu ya dereva na damu ya mzee ya makanga. Nyeusi ya tairi itajileta yenyewe. Watoto wanazijua rangi hizi kwa macho, kwa kuwa wanaziona kila wakivuka barabara kwenda shuleni.

Wapambaji wa nyumba na kumbi wana kanuni inayosaidia sana mahali padogo. Rangi moja iongoze, ichukue kama sehemu sita kati ya kumi za kila kinachoonekana. Ya pili ichukue sehemu tatu. Ya tatu iwe sehemu moja tu, ya kuchangamsha. Kwa sherehe ya matatu, manjano iongoze, buluu ifuate, na damu ya mzee ionekane hapa na pale: kwenye utepe, kwenye kinywaji, kwenye kofia ya makanga. Rangi zote tatu zikipewa nafasi sawa, chumba kidogo huonekana kimejaa vitu, na jicho hukosa pa kutua.

Manjano ina faida nyingine Kibera. Mapaa na kuta nyingi ni mabati yaliyoshika kutu, na vijia ni vya udongo. Kahawia juu ya kahawia. Manjano hujitokeza mara moja mahali kama hapo. Mwaka 2015 mradi wa Colour in Faith, uliobuniwa na msanii Yazmany Arboleda, ulilitumia jambo hilo kwa lengo kubwa zaidi. Makanisa na misikiti ya Kibera ilipakwa manjano ileile, watu wa dini mbalimbali wakishika brashi pamoja, ili waumini wa pande zote waonekane kuwa majirani. Nyumba hizo za ibada zilionekana kutoka mbali katikati ya mapaa ya kutu. Vibendera vya manjano vikitundikwa juu ya ua wa ploti hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo: mgeni asiyejua nyumba haulizi njia mara mbili.

Kutoka Toi hadi kwa fundi wa umeme

Soko la Toi, lililo ubavuni mwa Kibera karibu na Adams Arcade, ndipo pa kuanzia. Robota la mitumba linapofunguliwa, nguo bora kabisa, zile wachuuzi wanazoziita kamera, huondoka kwanza na kwa bei ya juu. Zinazobaki mwisho huitwa fagia, na huuzwa kwa bei ya kutupa. Anayetafuta kitambaa cha kupamba hahitaji kamera. Fulana yenye doa, shuka iliyochanika pembeni au pazia la buluu lisilo na mwenzake linatosha. Pande zilizo nzima hukatwa vipande vya pembetatu na kushonwa kwenye kamba kwa cherehani au kwa sindano ya mkono. Shuka moja kubwa ya manjano hutoa vibendera vya kuzungusha ua mzima, na vikifuliwa vinatumika tena mwakani.

Mabaki membamba yasitupwe. Hayo ndiyo yatakayomaliza lile tatizo la mlangoni. Yakatwe tepe za upana wa vidole viwili, ziwekwe kwenye kikapu langoni, na kila mtoto anayefika afungwe utepe wa manjano mkononi, awe amevaa fulana mpya, sare ya shule au nguo yake ya kila siku. Kadi ya mwaliko isiseme lolote kuhusu mavazi. Iseme tu kwamba kila abiria atapewa tiketi ya rangi akifika.

Kadi yenyewe ni rahisi. Karatasi ya kaki, ya kukunjia vitabu vya shule, hukatwa ukubwa wa tiketi na kuchorewa mstari wa manjano kwa krayoni. Juu yake huandikwa jina la mtoto, siku, saa na nambari ya ruti. Nambari ya ruti ni umri anaoutimiza. Mtoto wa Kibera anayefikisha miaka 8 ana bahati ya pekee, kwa sababu nambari 8 ni ya matatu za mtaani kwao. Wa Kawangware, ambako hutawala nambari 46, wanaweza kumpa nambari hiyo mzazi au babu atakayekuwa mkuu wa steji.

Vitu vingine vinapatikana hatua chache kutoka nyumbani. Duka la vifaa vya ujenzi huuza ule waya laini wa kufungia vyuma vya zege. Kwa gari lenye urefu wa sentimita 30, mtu akadirie mita 5 hivi pamoja na nguzo ya usukani. Duka la vifaa vya umeme huuza tepu za rangi, na hizi ndizo siri ya sherehe yote. Tepu ya umeme hupatikana ya manjano, buluu, nyekundu na nyeusi, hushika vizuri kwenye waya, haihitaji kukaushwa na haichafui nguo. Pia hufunika ncha kali. Damu ya mzee haipatikani kwa urahisi kwenye tepu; hapo kitambaa cha fagia kitajaza pengo.

Rangi ya mafuta ya ukutani iliyosalia kwenye kopo la zamani iachwe kabisa. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma huweza kuwa na risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Vizibo vya soda hukusanywa bure kwenye vibanda wiki mbili kabla. Vya Fanta vina rangi yake, vya Coca-Cola yake, vya Sprite yake, na hesabu yake itaonekana mchezo ukianza.

Malapa, waya na walioanza nayo

Wazo la kugeuza kilichotupwa kuwa kichezeo limeshazaa kazi kubwa nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga, kaskazini mwa Lamu, mtaalamu wa bahari Julie Church aliwakuta watoto wakichezea vitu vilivyochongwa kutoka kwa malapa yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi. Kutokana na vichezeo vile ilizaliwa kazi ya kina mama ya kukusanya na kuchonga malapa, na baadaye kampuni ya Ocean Sole yenye karakana Nairobi. Leo twiga, ndovu na kasa wenye milia ya rangi za malapa huuzwa nchi nyingi duniani.

Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, alianza utotoni kwa kutamani miwani. Baba yake hakumnunulia, naye akajitengenezea kwa waya na vyuma chakavu. Miwani hiyo, aliyoiita C-Stunners, imeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya, Afrika na Marekani. Na Kibera kwenyewe, kundi la Maasai Mbili lilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, wachoraji waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda. Mtoto anayekunja waya uani yuko kwenye njia ambayo watu wa mtaa wake wameshaipita.

Nje ya Kenya mchezo huu unajulikana pia. Malawi gari la waya huitwa galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Karen Lynn Williams alichapisha kitabu cha watoto chenye jina hilo, kuhusu mvulana anayezunguka kijijini akitafuta waya wa kutosha. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika shuleni mwaka 2019, wazazi wa Kenya nao wamezoea kuona watoto wakirudi nyumbani na kazi ya kutengeneza kitu kwa vifaa vya mtaani. Sherehe hii haitawashangaza.

Tuseme watoto waalikwa ni 12. Magari 12 ni mengi mno kwa alasiri moja. Ni bora kuwa na makundi manne ya watoto watatu watatu, kila kundi na gari lake, na kila kundi lisimamiwe na kaka au dada wa miaka 13 au 14 anayejua kazi. Msimamizi huyo ni muhimu kuliko pambo lolote. Mitaani bado wapo vijana wanaokunja gari la waya bila kuchora wala kupima, na kumpa mmoja wao kazi ya ualimu kwa siku moja ni heshima ambayo ataikumbuka. Wasichana washike plaizi sawa na wavulana. Nairobi ina madereva na makanga wanawake, na sherehe ya matatu ni mahali pazuri pa kulionyesha hilo.

Fremu zikunjwe siku moja kabla, ili kazi ya sherehe iwe ya rangi na magurudumu. Chini huwa mstatili wa chasi wenye ekseli mbili. Juu yake husimamishwa nguzo nne na paa. Ekseli ya mbele hufungwa katikati tu, ili igeuke kushoto na kulia, kisha waya wa usukani hushikizwa hapo. Ekseli ikikazwa pande zote mbili gari halikati kona, na hilo ndilo kosa la kawaida la anayeanza.

Magurudumu hukatwa na mtu mzima. Kopo dogo huwekwa juu ya lapa na kuchorwa duara, kisu kikali kinapita, na msumari uliopashwa moto hutoboa katikati. Lapa la buluu lina magurudumu ya kutosha gari moja. Watoto wa miaka 6 hadi 9 huzungusha tepu kwenye fremu, wakianza na mstari wa manjano ubavuni, kisha huingiza magurudumu. Wa miaka 10 na zaidi hukunja taa, viti na keria. Walio chini ya miaka 5 wapewe boksi la maziwa lililosafishwa, krayoni na karatasi za rangi, wajenge matatu isiyo na waya. Vizibo, vipande vya tepu na baluni zilizopasuka visiachwe karibu na mtoto wa chini ya miaka 3, maana humezwa na kukaba koo. Kila ncha ya waya ikunjwe kwa plaizi na kufungwa tepu kabla gari halijaguswa na mtoto.

Kundi likimaliza gari lake, lianze miwani ya waya. Duara mbili, mikono miwili, tepu ya buluu, na kila mtoto ana kitu chake cha kwenda nacho nyumbani.

Rangi mezani

Chakula kinaweza kubeba rangi za sherehe bila chupa ya rangi ya dukani. Chapati za malenge ni mfano mzuri. Malenge huchemshwa, hupondwa na kukandwa pamoja na unga, maji yakipunguzwa kwa kuwa malenge yana yake. Chapati hutoka manjano iliyoiva, laini, na hata mtoto asiyependa mboga huila. Bitiruti iliyopondwa na kukandwa vivyo hivyo huleta chapati yenye kuelekea damu ya mzee. Paketi ya unga ya kilo 2 hutoa chapati kati ya 20 na 30 kulingana na ukubwa, kwa hiyo paketi mbili, moja ya kila rangi, zinawatosha watoto 12 na majirani watakaochungulia.

Viazi karai, vyenye koti la manjano la unga wa dengu, huliwa kwa mkono na havihitaji sahani. Ndizi mbivu na nanasi zipo karibu mwaka mzima. Juisi ya karakara iko upande wa manjano. Ya bitiruti na tangawizi iko upande wa damu ya mzee. Buluu isitafutwe kwenye chakula. Vyakula vyake vya asili ni vichache mno, na keki ya buluu huhitaji rangi nyingi ya kutengenezwa. Buluu ibaki kwenye kitambaa cha meza na vikombe.

Keki si lazima itoke kwenye ovena. Keki ya sufuria, inayookwa juu ya jiko la makaa huku mfuniko ukiwekewa makaa machache, imelisha sherehe nyingi za Kibera. Ikiiva na kupoa hukatwa mstatili, hupakwa sukari laini iliyochanganywa na siagi na chembe ya manjano ya unga, ile bizari ya jikoni. Biskuti nne za mviringo huwa magurudumu. Bizari iwe kidogo sana. Rangi hutangulia ladha, na ikizidi keki hunukia mchuzi. Jiko liwashwe nje. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyonuka, na huua.

Meza nayo ina walimu wake. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari waliopewa makao Kibera na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, husuka vikapu na vifuniko vya chakula vyenye rangi kali zilizopangwa kwa duara. Anayetaka kuelewa namna rangi mbili zinavyokaa pamoja bila kugombana aende akatazame ususi huo Makina. Kuazima kifuniko kimoja kutoka kwa bibi jirani kunapendezesha meza kuliko plastiki ya dukani.

Steji kwa steji

Magari yakikamilika, ua hugeuka kuwa ruti. Chaki au majivu huchora barabara, na vituo huandikwa kwa majina ambayo watoto wanayajua. Kwa Kibera: Olympic, Karanja, Makina, Toi, Adams, kisha Tao. Kwa Kawangware: Stage 2, Congo, Valley Arcade, Yaya, Hurlingham, kisha Tao. Kila kundi lina dereva, makanga na abiria, na hubadilishana kwenye kila kituo ili asiwepo mtoto anayebaki abiria siku nzima. Dereva anavaa utepe wa buluu begani, makanga wa damu ya mzee.

Nauli ni vizibo. Kila mtoto huanza na vitano. Mkuu wa steji hutangaza bei kwa rangi: kutoka Toi hadi Adams ni kimoja chekundu, wakati wa mvua ni viwili, na Jumapili abiria wazee hawalipi. Watoto hujumlisha, hurudisha chenji, hubishana na kupatana. Anayeishiwa na vizibo huosha gari kwa kitambaa na kulipwa. Makanga anayejaza gari kupita viti vyake husimamishwa na askari wa trafiki, kazi ambayo babu au mjomba huipenda sana.

Baadaye ije michezo ya kila siku, kila mchezo ukiwa na rangi yake: bladda iliyosukwa kwa tepe za fagia, kati inayochezwa kwa mpira wa matambara ya manjano, brikicho, tapo na bano. Mpira wa zamani ulifungwa kwa mifuko ya plastiki, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na matambara yaliyofungwa kamba yakachukua nafasi. Mpira wa kitambaa unaweza kushonewa rangi yoyote, jambo ambalo ule wa plastiki haukuliweza.

Na desturi ya kumwagia maji mwenye siku yake? Ipangiwe mahali na wakati. Maji ya Kibera hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na majirani hawapendi kuyaona yakienda mtaroni. Kikombe kimoja kwa kila rafiki kinatosha, mwisho wa shughuli, mbali na keki, spika na nguo zilizoanikwa.

Siku, saa na mahali

Mvua za masika hushuka kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Likizo ya Agosti huangukia miezi mikavu, ingawa ni ya baridi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa sherehe ya nje. Mtoto aliyezaliwa Aprili anaweza kusherehekea siku yake kwa chai na keki ndogo, sherehe kubwa ikasubiri ardhi ikauke.

Siku ya wiki nayo ina hesabu yake. Kibera na Kawangware zina Waadventista wengi wanaotunza Sabato Jumamosi, Waislamu wanaokwenda msikitini Ijumaa mchana, na Wakristo wa Jumapili asubuhi. Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni huwaacha wote huru, na watoto hufika nyumbani kwao kabla ya giza. Keateka wa ploti aarifiwe wiki nzima mapema, na majirani waombwe kuanua nguo mapema siku hiyo.

Ua ukiwa mdogo, kuna pa kwenda. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi wa Kibera kugeuza maeneo ya kando ya mito, yaliyokuwa majaa ya taka, kuwa viwanja vya umma vyenye mahali pa watoto kuchezea. Vikundi vya wakazi huvisimamia, na vinaweza kuulizwa nafasi. Viwanja vya shule na vya makanisa hutumika hivyohivyo kwa makubaliano. Mzazi asione haya kuomba. Kucheza ni haki ya mtoto katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitaja pia.

Gharama zikizidi, familia mbili au tatu zenye watoto waliozaliwa mwezi mmoja zichange. Mmoja ashike unga na mafuta, mwingine waya na tepu, wa tatu matunda. Matatu za kweli za Nairobi huwa na zaidi ya nambari moja kwenye steji ileile. Keki moja inaweza kuandikwa 6, 7 na 9 bila kumpunguzia mtoto yeyote siku yake.

Jioni, kila mtoto huondoka na miwani yake na utepe wake. Magari manne hubaki kwenye ploti, yakiwa mali ya watoto wote, na plaizi hukaa kwa keateka kwa ajili ya matengenezo. Vibendera hufuliwa, hukunjwa na kuwekwa kwenye gunia. Mtoto wa mlango wa pili akitaka kusherehekea treni inayopita Kibera badala ya matatu, familia yake itachukua gunia hilo, itashona vibendera vichache vya rangi mpya katikati ya vile vya manjano, na kununua tepu mbili na mita chache za waya.